Tarehe ya Ukomo Haikuwamo Kwenye Bajeti

Kazi inayonilisha hapa Dodoma ni kutunza mifumo ya kompyuta ambayo, mara nyingi, ilijengwa na watu wengine waliokwisha kuhama mji au kubadilisha kazi. Wateja wangu si wizara wala mashirika makubwa yenye majengo yake Mtumba. Ni chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, shule ya sekondari ya binafsi, kituo kimoja cha afya, na wafanyabiashara wachache wanaouza mahindi Kibaigwa. Kila mmoja wao, kwa wakati wake, alimlipa kijana fulani amjengee mfumo, akakabidhiwa nywila pamoja na mwongozo wa kurasa chache, na tangu siku hiyo akauhesabu mfumo ule kuwa mali iliyokwisha kununuliwa. Mimi huitwa baadaye, mambo yanapogoma. Katika miaka hii ya kuitwa nimeona kwamba matatizo mengi hayatokani na ubovu wa kazi ya yule kijana wa kwanza, bali na jambo ambalo halikuandikwa popote katika mkataba: lugha ya programu aliyoitumia ina tarehe ya ukomo, yaani siku ambayo toleo lake huacha kurekebishwa na waliolitengeneza, na jukwaa la wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia mtandao, alikouweka mfumo lina tarehe yake nyingine.

Msimbo ulioandikwa kwa Python, Node.js au PHP haujiendeshi wenyewe. Chini yake kuna mazingira ya uendeshaji, yaani programu inayousoma na kuutekeleza, maktaba za msingi (misimbo ya kutumiwa tena iliyokwisha kuandikwa na wengine) zinazokuja nayo na, chini zaidi, mfumo endeshi, ambao kwenye wingu aghalabu ni Linux ya aina fulani. Anayekodi seva tupu hubeba mzigo huo wote mwenyewe. Anayetumia huduma kama AWS Lambda ya Amazon, Google App Engine au Azure Functions hupeleka msimbo wake tu, na mwenye jukwaa ndiye anayetunza yaliyobaki na kuweka viraka vya usalama bila kumwamsha mtu usiku. Wateja wadogo huupenda mpango huu, nami naupenda kwa niaba yao, kwa kuwa hawana wa kumwamsha. Ila anayekutunzia mazingira ndiye pia mwenye mamlaka ya kuyaondoa.

Kalenda yenyewe si siri. Python, tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020, hutoa toleo jipya kila Oktoba, na kila toleo huhudumiwa kwa miaka 5. Node.js huyapa uhai mrefu matoleo yenye namba shufwa peke yake: hutoka Aprili, huingia katika hadhi ya kuhudumiwa kwa muda mrefu Oktoba, na hufikia ukomo miaka 3 hivi baada ya kutoka. PHP kwa muda mrefu ilikuwa na miaka 2 ya marekebisho ya kawaida na mmoja wa usalama, kisha mwaka 2024 wakakubaliana kuongeza mwaka mmoja wa usalama na kuufanya ukomo uangukie tarehe 31 Desemba. Go huhudumia matoleo mawili ya mwisho tu. Java ndiyo yenye subira kuliko zote: toleo la 8 lilitoka Machi 2014 na bado ninakutana nalo maofisini likiwa na wenye kulihudumia.

Hiyo ni saa ya kwanza, ya jamii inayoitengeneza lugha. Saa ya pili ni ya jukwaa. AWS Lambda, ambayo ndiyo nimeishughulikia zaidi, husubiri jamii ya lugha imalize msaada wake, ndipo nayo itangaze kuwa mazingira hayo yamesitishwa. Baada ya siku hiyo hakuna kinachozimika. Kinachofuata ni kwamba, angalau siku 30 baadaye, huwezi tena kuunda funksheni mpya, yaani kipande cha msimbo kinachoendeshwa kila kinapoitwa, kwa toleo hilo, na angalau siku 60 baadaye huwezi kubadilisha hata zile ulizokuwa nazo. Funksheni za zamani huendelea kuitika zikiitwa, leo na kesho na mwakani. Watu wengi hulisoma jambo hilo kama huruma ya mwenye jukwaa, na huenda ni kweli, lakini kwangu mimi hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote, maana kinachokufa ni uwezo wa kuugusa mfumo, na uwezo huo hauonekani mpaka siku unapouhitaji.

Nieleze lililotokea kwa chama cha zabibu. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, takribani mwezi wa pili au wa tatu na tena mwezi wa nane au wa tisa, na katika majira hayo mfumo wa chama hupokea taarifa ya uzito kutoka kituo cha kupimia, hukokotoa malipo, huisoma taarifa ya benki kwamba fedha zimeingia, kisha humtumia mkulima ujumbe mfupi wa simu. Ulikuwa umeandikwa kwa Python 3.6 juu ya Lambda, kwa ustadi, na wanachama waliuamini. Mapema mwaka 2023, mavuno yakiwa yameanza, kampuni iliyokuwa ikisafirisha ujumbe mfupi ilitangaza kwamba inafunga anwani ya zamani ya huduma yake na kuwataka wateja wote wahamie anwani mpya. Kwa upande wetu hayo yalikuwa mabadiliko ya mstari mmoja wa msimbo. Nikaubadilisha, nikaupandisha, na jukwaa likaukataa.

Python 3.6 ilikuwa imefikia ukomo kwa jamii yake Desemba 2021, na Lambda iliisitisha Julai 2022. Msimu wa mavuno ya mwezi wa nane ulipita salama juu ya toleo lililokwisha kuachwa, hakuna mkulima aliyekosa ujumbe, na kwa hiyo hakuna mtu chamani aliyekuwa na sababu ya kuuliza chochote. Sasa mlango wa kubadilisha msimbo ukiwa umefungwa, njia pekee iliyobaki ilikuwa kuhamia toleo linalohudumiwa na kuupeleka msimbo wote huko kwa pamoja. Mstari mmoja ukawa mradi, tena katikati ya mavuno, wakati malori yako kwenye mizani.

Katibu wa chama ni mtu mzima, mkulima mwenyewe wa zabibu huko Mpunguzi, na tangu mwanzo ameniita mwanangu. Nilipomwendea na kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo nimeulizwa na kila mteja baada yake.

“Mwanangu, jana mfumo ulifanya kazi?”

“Ulifanya, mzee.”

“Na leo unafanya kazi?”

“Unafanya, mzee, ila ujumbe utakatika siku watakayofunga ile anwani, na sina uwezo wa kuirekebisha bila kuhama toleo.”

“Basi nani amekiharibu kitu kinachofanya kazi?”

Hakuna aliyekiharibu, na hilo ndilo gumu kumweleza mtu mwenye busara ya kawaida, anayejua kwamba pampu ya maji iliyonunuliwa hufanya kazi mpaka ikatike kitu. Nilichomwambia ni kwamba mfumo wake umejengwa juu ya kiwanja cha kupanga, na kwamba mwenye kiwanja hakumfukuza, ila amemkataza kupiga hata msumari mmoja. Alielewa papo hapo, akauliza kodi mpya ni kiasi gani.

Kuhama kwenyewe kulinifundisha mambo ambayo nisingeyapata katika kusoma matangazo. La kwanza ni kwamba toleo jipya kabisa la lugha si lazima liwe jipya kabisa la jukwaa. Wakati ule Python 3.10 ilikuwa imetoka tangu Oktoba 2021 na 3.11 tangu Oktoba 2022, lakini Lambda ilikuwa bado kwenye 3.9, ile 3.10 iliifikia Aprili 2023, mwaka mmoja na nusu baada ya kutoka. Kwa hiyo tulihamia 3.9 tukijua kwamba ukomo wake ni Oktoba 2025, yaani kati ya miaka 5 ya uhai wake, sisi tuliipokea ikiwa imebakiza pungufu ya mitatu. Siku hizi mambo yamekuwa bora, kwani Python 3.12 ilitoka Oktoba 2023 na Lambda ikawa nayo Desemba hiyohiyo, lakini funzo la kuhesabu uhai kuanzia siku unayoanza kutumia, wala si siku toleo lilipotoka, nimebaki nalo.

La pili ni kwamba huhami lugha peke yake. Kwenye Lambda, Python 3.6 na 3.7 zilikaa juu ya Amazon Linux ya kwanza, na 3.8 hadi 3.11 zikakaa juu ya Amazon Linux 2. Maktaba ya kuunganisha mfumo na hifadhidata, ambayo ndani yake ina sehemu iliyoandikwa kwa lugha ya C na kukusanywa kwa ajili ya 3.6, haikukubali kupakiwa kabisa ikabidi ikusanywe upya kwa ajili ya toleo jipya juu ya mfumo endeshi mpya. Jambo hilo, kwa bahati nzuri, hupiga kelele: hitilafu hujitokeza dakika ya kwanza na jina la faili limeandikwa.

La tatu lilijificha zaidi. Sehemu iliyosoma taarifa ya benki, ambayo huja kwa mtindo wa XML, ilitumia njia iitwayo getchildren, na sehemu nyingine ilifungua data kwa base64.decodestring. Zote mbili ziliondolewa katika Python 3.9. Hazikuondolewa kwa kuviziwa. Ile ya kwanza ilitangazwa kuwa ya kuachwa tangu toleo la 3.2, mwaka 2011. Ila onyo la aina hiyo Python hulinyamazisha kwa kawaida, na msimbo wa benki hautembei mpaka taarifa halisi ya benki ije. Kama tungepandisha mfumo na kuujaribu kwa kufungua ukurasa wa mbele tu, tungeona kila kitu kizima, halafu malipo ya kwanza yangekwama. Kilichotuokoa ni kwamba dada mhasibu alikuwa amehifadhi taarifa zote za benki za msimu uliopita katika folda moja, nami nikazipitisha zote katika mfumo mpya na kulinganisha matokeo na daftari lake. Tangu hapo, ninapopokea mfumo wowote, ombi langu la kwanza kwa mhasibu ni hilo: nipe data ya msimu mzima uliopita pamoja na majibu yake.

Lilibaki swali la tangazo. AWS hueleza kwamba hutuma taarifa kwa barua pepe, siku hizi angalau siku 180 kabla ya kusitisha mazingira, na pia huiweka katika dashibodi ya akaunti. Ilitumwa kwa nani? Akaunti ilifunguliwa kwa anwani binafsi ya mhasibu wa zamani aliyestaafu na kurudi kwao Kondoa, mzee wa watu ambaye alifikiri barua zile za Kiingereza ni matangazo ya biashara. Tulimpigia, tukamwamkia, akatusomea mada za barua alizokuwa nazo, na kweli zilikuwemo. Leo akaunti ni ya anwani ya ofisi, isiyo ya mtu, na katika sehemu ya mawasiliano mbadala ambayo jukwaa huiruhusu, nafasi ya uendeshaji na nafasi ya usalama zote zimejazwa. Kazi hiyo haigharimu senti na sijapata kuona mteja mdogo aliyeifanya kabla sijafika.

Sasa nije kwenye shule, kwa kuwa huko ndiko nilikoona sura nyingine ya jambo hili. Mfumo wa matokeo wa shule ile haukuwa kwenye majukwaa makubwa. Ulikuwa kwenye upangishaji wa kawaida wa tovuti, ule wa kulipia kwa mwaka, ambao kwa kweli ndio wingu la watu wengi nchini. Ulitumia PHP 7.4, iliyofikia ukomo tarehe 28 Novemba 2022, na mwenye upangishaji akatangaza kuwa ataiondoa. Mwalimu mkuu, mama makini sana, alikubali tufanye kazi hiyo katika likizo ya Desemba, shule ikiwa tupu. Tukahamia 8.1.

Katika PHP 8 kulikuwa na badiliko moja ambalo kila anayehama anapaswa kulijua kabla ya mengine yote. Zamani ukilinganisha sifuri na nafasi tupu kwa alama ya usawa wa kawaida, PHP ilijibu kuwa ni sawa, kuanzia 8.0 hujibu kuwa si sawa. Katika mfumo wa matokeo, nafasi tupu ni mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani, na sifuri ni mwanafunzi aliyefanya na kukosa kila kitu. Yule kijana aliyeandika mfumo alikuwa ametumia ulinganisho huo mahali pengi, na kwa miaka mingi mwanafunzi aliyekuwa mgonjwa alihesabiwa kuwa amepata sifuri na wastani wa darasa ukashuka kwa siri. Tulipohamia toleo jipya, wastani ukapanda. Hakuna hitilafu iliyoandikwa popote, hakuna ukurasa uliokataa kufunguka. Niliona tofauti kwa sababu tuliendesha matoleo mawili sambamba juu ya matokeo ya mwaka mzima na kuyalinganisha mstari kwa mstari.

Nilipompelekea mwalimu mkuu karatasi mbili, ya matokeo ya zamani na ya matokeo mapya, alikaa nazo kimya, kisha akaniuliza ipi ni sahihi. Nikamjibu kwamba hilo si swali la fundi, Mwalimu. Ni la shule, kwa kuwa yuko anayepaswa kusema asiyefanya mtihani ahesabiwe vipi. Kikao cha walimu kikaamua asihesabiwe katika wastani, nasi tukauandika uamuzi huo ndani ya msimbo kwa maneno yaliyo wazi, ili usitegemee tena tabia ya lugha. Ninasimulia hili kwa urefu kwa sababu watu huiona kazi ya kupandisha toleo kuwa ya kubadilisha namba. Mara nyingine ndipo unapogundua kwamba sheria ya ofisi iliamuliwa na PHP miaka kumi iliyopita, pasipo kikao.

Kituo cha afya kilikuwa na Node.js 14, ambayo jamii yake iliacha kuihudumia tarehe 30 Aprili 2023. Ushauri wa haraka uliotolewa na rafiki yao mmoja ulikuwa wahamie 16, kwa kuwa ni hatua ndogo. Nilikataa. Node.js 16 ilipangiwa kuishi hadi Aprili 2024, lakini jamii yake iliurudisha ukomo huo nyuma mpaka tarehe 11 Septemba 2023, kwa sababu maktaba ya usimbaji OpenSSL 1.1.1 iliyomo ndani yake ilikuwa inafikia ukomo siku hiyohiyo. Hata tarehe iliyotangazwa, kumbe, yaweza kurudishwa nyuma na kitu kilichoko chini yake. Tukaruka hadi 18.

Kuruka huko nako kulikuwa na gharama, maana Node.js 18 hutumia OpenSSL 3, na OpenSSL 3 haikubali tena, kwa mpangilio wake wa kawaida, mbinu za zamani za usimbaji. Kituo kilikuwa na faili la cheti cha kidijitali, cha kuutambulisha mfumo wao, walilopewa na mshirika wao wa malipo, lililofungwa kwa mbinu mojawapo ya hizo. Mfumo mpya ukagoma kulifungua. Kwa upande wa ufundi dawa ilikuwa fupi: cheti kilekile kifungwe upya kwa mbinu ya kisasa. Kwa upande wa watu haikuwa fupi hata kidogo, kwa kuwa ofisi iliyotoa cheti ilitaka barua yenye muhuri, na aliyetakiwa kuisaini alikuwa safarini. Nimejifunza kuorodhesha mapema kila kitu kilichomo ndani ya mfumo ambacho mwenye mamlaka juu yake yuko nje ya ofisi, kwa maana hicho ndicho huamua kazi itachukua muda gani.

Wapo wenzangu, wengi wao vijana wazuri wanaotoka Chuo Kikuu cha Dodoma, wanaosema dawa ya haya yote ni kontena: unafungasha lugha, maktaba na mfumo endeshi pamoja, na hakuna jukwaa litakalokukataza kupandisha. Ni kweli kwamba halitakukataza. Lakini Python iliyozeeka ndani ya kontena imezeeka vilevile, na Debian 10, ile Linux iliyomo chini yake, ilimaliza hata msaada wake wa muda mrefu tarehe 30 Juni 2024. Kilichobadilika ni kwamba hakuna tena mtu wa kukuandikia barua pepe. Kwa kampuni yenye wahandisi wake, kontena ni chaguo jema. Kwa chama cha ushirika ambacho fundi wake ni mimi, tena nisiye mwajiriwa, naona afadhali mwenye jukwaa anayefunga mlango kwa tarehe kuliko uhuru usio na wa kuutunza. Wengine husema tutumie Go, kwa kuwa programu yake hukusanywa ikawa faili moja. Hata hiyo haikupona: mazingira ya Go ya Lambda yalikaa juu ya Amazon Linux ya kwanza, na ilipofikia mwisho wake tarehe 31 Desemba 2023 yakafuata njia hiyo, ikabidi kila mwenye funksheni ya Go aipe faili lake jina la bootstrap na kuihamishia mazingira mengine.

Ninapokutana na bodi, hoja ya usalama huwa ndiyo ya mwisho kueleweka, kwa kuwa madhara yake hayajatokea kwao. Huwaeleza habari ya udhaifu wa PHP uliojulikana kwa namba CVE-2024-4577, uliotangazwa Juni 2024 na kuzigusa seva za Windows zinazoiendesha PHP kwa njia ya CGI, mbinu ya zamani ya kuiunganisha seva ya tovuti na programu. Viraka vilitoka kwa matoleo 8.1, 8.2 na 8.3 peke yake, ilhali 8.0 na yote yaliyotangulia yalikuwa na udhaifu uleule na hayakupata kitu, kwa sababu muda wao ulikuwa umekwisha. Halafu huwakumbusha kwamba namba za simu na za akaunti za wanachama ni taarifa binafsi, na kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayezikusanya azilinde. Baada ya maneno hayo mhazini kwa kawaida huacha kuangalia simu.

Hata hivyo kilichobadilisha mambo kwa vitendo hakikuwa hofu, kilikuwa bajeti. Mwaka wa fedha wa wateja wangu wengi, kama wa Serikali, huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na makadirio huandaliwa miezi kadhaa kabla. Node.js hufikia ukomo Aprili, mwishoni mwa mwaka wa fedha, wakati vifungu vimekauka. Python hufikia ukomo Oktoba, mapema ndani ya mwaka wa fedha, lakini ikiwa hukuomba fedha tangu Februari hutazipata. Kwa hiyo tangazo la siku 180 huwa linakuja baada ya kikao cha bajeti kufungwa. Fundi akilisubiri, amechelewa hata kama amelisoma siku ileile.

Siku hizi kila mteja wangu ana ukurasa mmoja katika rejesta ya mali, karibu na ukurasa wa bima ya gari, wenye jina la kila mfumo, lugha na toleo lake, tarehe ya ukomo ya jamii ya lugha, tarehe ya jukwaa ikiwa imetangazwa, na mwaka wa fedha ambamo kazi ya kuhama inapaswa kufanyika. Tarehe ninayoilenga ni ile ya jamii ya lugha, si ya jukwaa. Zile miezi za nyongeza ambazo jukwaa hutoa ninaziacha ziwe za dharura, wala sizipangii kazi. Mikataba mipya ninayoandikiana nao ina kifungu kinachotenganisha matengenezo ya hitilafu na kazi ya kuhama toleo, kila moja na bei yake, kwa kuwa zilipokuwa zimechanganywa mteja aliona ninamtoza mara mbili kwa kitu ambacho hakijaharibika. Na katika ukurasa huo kuna safu ya miezi isiyogusika: kwa chama ni miezi ya mavuno, kwa shule ni ya mitihani, kwa wafanyabiashara wa Kibaigwa ni kuanzia Mei mahindi yanapoanza kuingia sokoni. Kwa watu wa Kibaigwa nafasi yangu ni Novemba na Desemba, wakati kila mtu anatazama mvua.

Chama cha zabibu kilitenga fungu katika mwaka wa fedha wa 2024/25, tukahama kutoka 3.9 hadi 3.12 katikati ya mavuno na mavuno, kwa utulivu. Toleo la 3.12 liliondoa moduli ya distutils, ambayo maktaba moja ya zamani ya kutengeneza risiti iliitegemea; tuliiacha maktaba hiyo tukatumia nyingine. Ukomo wa 3.12 ni Oktoba 2028, na mzee katibu ameuandika mwenyewe kwa kalamu katika rejesta, chini ya mwaka wa fedha wa kazi ya kuhama, 2027/28. Shule ndiyo ninayoendelea kuvutana nayo. PHP 8.1 ilipangiwa ukomo wa tarehe 31 Desemba 2025, fungu halikupitishwa kwa kuwa bodi ilichagua kuezeka bweni, na mwalimu mkuu aliniomba niandike barua nyingine nikieleza, kwa ukurasa usiozidi mmoja, kitu gani hasa hakitawezekana baada ya tarehe hiyo.